Mgeni wa Sahani Tupu

Mwaka 2018 mama mkwe alivunjika mkono Krismasi ikikaribia, na jiko la nyumba yao ya Berlin likaniangukia mimi, mtoto wa Machame, Kilimanjaro.

Yeye ni Mpolandi, Mkatoliki. Kwake nyama ni mwiko usiku wa mkesha. Watu husubiri nyota ya kwanza ndipo wakae, na mezani huwekwa sahani moja tupu ya mgeni asiyetarajiwa. Baba mkwe ni Mlutheri wa hapo hapo Berlin. Kwao alikozaliwa, usiku huo ni saladi ya viazi na soseji. Miaka yote mama ndiye aliyepika, soseji zikakosa mtetezi. Safari hii mzee akanivuta pembeni: "Mwanangu, mbili tu."

Tarehe 24 ilikuwa Jumatatu. Siku hiyo maduka yalikuwa yanafunga mapema, saa nane mchana. Nikarudi na samaki, viazi, bitiruti na, sikatai, pakiti ya soseji chini kabisa ya mfuko. Kwetu Krismasi ni mbuzi, nilimwelewa mzee.

Vyakula 12 vya desturi ya Kipolandi sikuviweza. Saladi haikunisumbua: viazi, mayonezi, matango ya siki, mayai. Supu ya bitiruti ndiyo iliyoniaibisha. Niliiacha itokote kama maharage, wekundu ukageuka kahawia. Mama akachungulia, mkono umening'inia shingoni: "Hii haitokotwi, mwanangu. Inapashwa tu." Nikakwangua bitiruti mbichi, nikatia na siki, nikachuja. Rangi ikarudi, si yote.

Saa kumi na nusu giza lilishaingia, mawingu tele. Mume wangu akatuonyesha taa ya ndege, tukakubaliana nyota ndiyo hiyo. Tukamegeana kimkate cha mkesha cha Kipolandi, chembamba kama karatasi, tukatakiana heri, tukala.

Samaki walipoisha baba mkwe akainuka, akavaa koti na kofia, akatoka bila neno. Kengele ikalia. Nilipofungua, alikuwa kizingitini, kofia mkononi.

"Nimesikia hapa kuna sahani tupu," akasema. "Ila samahani, mimi Mlutheri."

Mama alimtazama kwa muda, kisha akanigeukia mimi.

"Haya, ziko wapi hizo soseji?"

Zilikuwa jikoni, kwenye maji ya moto yasiyotokota.