Nilivyoiokoa tovuti ya karakana yetu ya milango, Bagamoyo

Kila mlango unaotoka kwenye karakana yetu una kibati cha shaba upande wa ndani, usawa wa komeo, na juu yake imegongwa anwani ya tovuti yetu. Mjomba hukipigilia mwenyewe kwa misumari minne. Milango hiyo ipo Dar, ipo Unguja, mingine imefika Arusha. Kwa hiyo mwaka jana niliposoma kwamba kampuni inayotuhifadhia tovuti inafunga huduma mwisho wa mwezi, nilivifikiria vile vibati kabla ya kitu kingine chochote. Nani atapita nyumba kwa nyumba kuving'oa?

Na habari yenyewe niliipata kwa bahati. Nilikuwa nimeingia kupandisha picha za mlango mpya, nikakuta tangazo jekundu juu ya ukurasa: zimebaki siku 19. Barua zote za kuonya zilikuwa zikienda kwa kijana aliyetutengenezea tovuti miaka sita nyuma.

Ushauri nilipewa mwingi, na mwingi ulikuwa mbovu. Binamu yangu alisema siku hizi hakuna anayefungua tovuti, niweke kila kitu Instagram. Instagram tunayo na inatusaidia. Lakini msanifu majengo anayetafuta mlango wa hoteli anataka vipimo kwa sentimita, anataka kujua ni mvule au mninga, anataka kuona nakshi kwa karibu, na anataka avikute vyote pamoja bila kuteremka picha mia mbili. Kijana wa steshenari akasema nisubiri, hizi kampuni huwa zinasogeza tarehe. Hawakusogeza hata siku moja. Ukiambiwa tarehe, ishike hiyo hiyo. Usiku wa deni haukawii kucha.

Jambo lililoniuma zaidi ni picha. Tulikuwa na picha 212 za milango, na nusu yake haikuwapo mahali pengine popote, kwa sababu simu iliyozipiga iliingia maji zamani. Nikaanza kuzihifadhi moja moja kwa simu: nafungua ukurasa, nabonyeza picha, nahifadhi. Usiku tatu nilifanya hivyo, hadi kidole gumba kikaniuma. Asubuhi ya nne nikachapisha chache nimwonyeshe mjomba. Akavaa miwani, akaisogeza karatasi dirishani, akaniambia, “Mwanangu, huu si mlango wangu. Mimi sijachonga uji.” Kweli, waridi zote zilikuwa zimevurugika. Nilichokuwa nimehifadhi ni zile picha ndogo za kuonyeshea.

Niliumia sana, lakini nikakaa tena kwenye kompyuta na kuitazama anwani ya picha moja. Mwishoni iliandikwa jina la mlango, halafu kistari, halafu 300x225, halafu jpg. Nikajiuliza, hizi namba za nini? 300 kwa 225 ni upana na urefu. Basi hii ni nakala iliyopunguzwa, na kama kuna iliyopunguzwa, ipo ya asili. Nikafuta kistari na namba zake, nikabaki na jina na jpg tu, nikabonyeza.

Picha ikaanza kushuka taratibu. Kikaja kizingiti cha juu na maua yake, ukaja mnyororo uliochongwa ukiteremka kwenye miimo, ukaja mfaa, ule mti wa katikati unaofunika ungio la milango miwili, hadi alama za patasi zikaonekana. Nililia, sioni haya kusema. Tovuti yetu ilijengwa kwa WordPress, programu ya kujengea tovuti, na WordPress kila ukiipandishia picha kubwa hutengeneza nakala ndogo za vipimo mbalimbali na kuandika kipimo kwenye jina la faili. Ile uliyopandisha hubaki kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti. Kama wewe nawe umebaki na vijipicha, jaribu hilo kabla hujakata tamaa. Nilinunua kifurushi cha usiku, nikakesha siku mbili, nikazitoa 187 kabla hawajazima.

Zilizobaki nilizisaka kwa njia nyingine. Maelezo ya milango ya zamani niliyakuta kwenye Wayback Machine, ghala la Internet Archive ya Marekani linaloweka nakala za kurasa tangu 1996. Unaandika anwani yako, unachagua tarehe, unaona ukurasa ulivyokuwa siku hiyo. Maandishi yalikuwapo karibu yote, picha chache. Kwa picha niliwapigia wateja simu: shikamoo, habari za nyumbani, naomba nipigie picha mlango wako. Walinitumia kwa moyo. Ila waombe watume kama faili. Wakituma kama picha ya kawaida, WhatsApp huibana na ubora unapungua.

Sasa lile jina. Hapa naomba wenye maduka wanielewe, maana mimi mwenyewe sikulielewa kwa miaka sita. Domeni, yaani jina la tovuti, ni kitu kimoja, na mahali tovuti inapokaa ni kitu kingine. Mahali ni kama fremu ya duka ya kupanga: mwenye fremu akikutoa, unahamia mtaa wa pili na kibao chako chini ya kwapa. Lakini kibao kiwe chako. Domeni yetu ilisajiliwa kwa jina la yule kijana aliyetutengenezea tovuti, kwa barua pepe yake.

Nilipanda basi asubuhi hadi Makumbusho, Dar, nikamkuta sasa anauza simu. Hana ubaya, alishasahau tu. Akasema, “Dada, mimi nilidhani mlishaacha.” Tulikaa kwenye benchi la duka lake, akalihamishia jina kwenye akaunti yangu pale pale kwa msajili yule yule, yaani kampuni inayosajili majina ya tovuti. Alitaka pia tulihamishie kwa msajili mwingine wa bei nafuu, nikakataa. Majina ya .com yakishahamishwa, mara nyingi hufungwa siku 60 yasihame tena, na mimi sikutaka kufungwa popote wakati nyumba inaungua. Nauli, chai na ada ya mwaka ya jina, jumla haikufika laki moja.

Kuhamia seva mpya kulikuwa kazi ya jioni moja. Kosa langu kubwa lilikuwa barua pepe. Nilielekeza jina kwenye seva mpya bila kunakili rekodi za MX, ambazo ndizo husema barua ziende wapi. Siku moja na nusu, kila aliyetuandikia alirudishiwa barua yake. Nilijua kwa sababu mteja wa Unguja alipiga simu kuuliza kama tumefunga karakana. Kabla hujagusa chochote, piga picha orodha nzima ya rekodi za jina lako, kila mstari, hata usioujua maana. Na mabadiliko yenyewe yanaweza kuchukua hadi saa 48 kuenea kote, kwa hiyo usihame siku ya mwisho.

Tovuti mpya inatugharimu kama laki na nusu kwa mwaka, zaidi kidogo ya zamani. Nakala ya kila kitu ipo kwenye diski ndani ya sanduku la patasi za mjomba, nayo naifanya upya kila mwezi.

Wiki iliyopita ilikuja barua pepe kutoka Paje, Unguja. Ndani yake kulikuwa na picha ya kibati chetu kilichoota kutu ya kijani, anwani bado inasomeka, na swali: mnaweza kututengenezea mwingine kama huu, upana sentimita 140? Nikamsomea mjomba. Hakuinua kichwa kwenye randa. “Waulize,” akasema, “mvule au mninga?”