Barafu za Ubuyu

Juni 2014 tulikuwa tunapiga filamu kwenye nyumba moja ya mtaa wa Ghana, Mbeya mjini. Hadithi ilikuwa ya Dar es Salaam, mwezi Januari, watu wanajipepea kwa joto. Nauli ya kupeleka watu kumi na moja Dar hatukuwa nayo, basi tukaileta Dar Mbeya: pazia jepesi, feni ya kuazima, na chupa ya kumnyunyizia dada mwigizaji maji usoni yaonekane jasho.

Saa moja asubuhi kamera ikawashwa. Dada akafungua mdomo, kila neno likatoka na mvuke wake kama sufuria ya ugali. Mwongozaji akasema anyonye barafu kabla ya kila kipande; mdomo ukipoa, mvuke hauonekani. Ni ujanja wa kweli, mpaka leo naukubali. Nikatumwa sokoni Mwanjelwa. Mama muuzaji akaniangalia na koti langu: “Mwanangu, barafu baridi hii? Una homa?” Za maji hakuwa nazo. Nikachukua sita za ubuyu.

Kazi yangu hasa ilikuwa daftari la mwendelezo. Filamu haipigwi kama inavyotazamwa: mnapiga mazungumzo yote kwa mbali, kisha mnarudia yaleyale uso mmoja mmoja, kisha mikono. Kikombe kilichokuwa kushoto asubuhi lazima kiwe kushoto saa tisa. Niliandika mpaka mkunjo wa kanga. Midomo sikuiandika.

Wiki mbili baadaye tukaiona kwa mhariri. Nusu ya maneno ya dada, midomo myekundu kama bibi harusi. Nusu ya pili, tuliyopiga mchana jua likiwa limetoka, imepauka. Nilitamani ardhi inimeze.

Mhariri hakusema kitu. Akachukua uso wa mzee aliyeigiza baba, akausikilizisha: sauti ya binti inaendelea, tunamwona mzee tu. Sekunde nane, yaani picha 200, maana tulipiga 25 kwa sekunde. Mrusi Lev Kuleshov aliuonyesha mchezo huo karibu miaka mia kabla yetu: uso uleule, kando ya supu una njaa, kando ya jeneza una msiba.

Kwenye banda umiza, kibanda cha kuonyeshea video, kina mama walilia hapo hapo. Jamani, yale macho ya mzee!

Nilipompongeza, mzee alicheka. Alikuwa analitazama koti lake, limetundikwa msumarini nyuma ya kamera.