Korija, doti na kipande yatima

Jumapili, saa nne usiku

Wiki tatu zilizopita niliuza kanga ambazo sikuwa nazo. Mama mmoja wa Mbagala alilipia doti 30 za sare (doti ni kanga pande mbili), jina moja, rangi moja, za kitchen party ya binti yake. Excel yangu ilisema zipo 32. Nikafungua mafurushi, nikahesabu, nikarudia: 23. Tano zilitoka kaunta ya Kariakoo asubuhi ileile, tatu zilinunuliwa tovutini usiku, na moja haikuwa na maelezo. Ilikuwa "Wema hauozi", nyekundu. Nilimrudishia mama wa watu hela yake na kumwomba radhi kwa simu mara mbili, lakini kundi zima la WhatsApp la shughuli ile lilishapata habari za duka langu.

Ile moja nilimuuliza binti wa kaunta. Nilimuuliza kwa upole, ila mara tatu, na ukiulizwa mara tatu unajua umeshashukiwa.

Enzi za Shangazi duka lilikuwa moja na daftari moja. Mzigo ukiingia anaandika, ukitoka anakata mstari. Mimi nimeongeza Instagram, WhatsApp, tovuti ya kuuzia inayotumia programu ya WooCommerce, na stoo ya pili kwenye chumba cha nyuma hapa Tabata. Milango minne, mali ileile. Katalogi ya WhatsApp Business inaonyesha picha na bei tu, kuhesabu haihesabu. Tovuti inahesabu, lakini inaanzia kwenye namba niliyoiandikia mimi. Haijui kwamba Kariakoo mtu ameshatoka na mfuko mkononi.

Basi nikaanza kutafuta programu ya kusimamia mali, na nilianza vibaya. Usiku kucha video. Kwenye video kila programu ni tamu, kwa sababu anayeionyesha anauza fulana: ndogo, ya kati, kubwa, nyeusi, nyeupe, basi. Mimi nauza kanga. Kanga inaingia kwa korija, kwetu ni doti 20, inauzwa kwa doti, na mara mojamoja anakuja mama mwenye kichanga anataka upande mmoja tu. Ukishamkatia unabaki na kipande yatima rafuni.

Nikaacha video, nikatunga mtihani kwenye karatasi. Ingiza korija 2. Uza doti 3. Kata kipande kimoja. Hamisha doti 10 kutoka Tabata kwenda Kariakoo. Pokea moja iliyorudishwa ina doa. Kila programu niliyoijaribu ilifanya mtihani huohuo. Ya kwanza, baada ya kile kipande, ikaniambia nina doti 36.5. Kihesabu ni kweli, lakini hiyo nusu ni kipande kimekaa peke yake, na wa tovutini hanunui nusu. Nyingine ilirudisha ile yenye doa moja kwa moja kwenye mali ya kuuzwa, kana kwamba doa ni ua.

Kilichonipa shida zaidi ni neno moja: nitunzie. "Dada nitunzie hiyo ya bluu, nalipa jioni." Nusu ya mauzo yangu ya WhatsApp huanza hivyo, na jioni ya mteja inaweza kuwa Alhamisi ijayo. Tovuti ina utaratibu wake: usipoubadilisha, WooCommerce inashikilia mzigo wa oda isiyolipwa kwa dakika 60, halafu inauachia. Kwenye WhatsApp anayeshikilia ni kichwa changu. Nilichokuja kuelewa ni kwamba namba ya mali si moja, ni tatu: iliyopo rafuni, iliyoahidiwa, na inayobaki ukitoa ahadi. Ninayoruhusiwa kumtajia mteja ni hiyo ya tatu. Miaka yote nimekuwa nikitaja ya kwanza. Programu isiyoweza kunitenganishia hizo tatu niliifunga siku hiyohiyo.

Bei sitasema mengi. Nyingi ni za kulipia kwa mwezi kwa dola, kwa kadi, na dola ikipanda gharama inapanda hata kama hujauza. Zoho Inventory wana mpango wa bure wenye kikomo cha oda kwa mwezi. Kwa anayeanza unatosha, msimu wa harusi kwangu hautoshi. Odoo ya mtandaoni inakupa moduli moja bure, ukihitaji ya pili umeshaanza kulipia. Na zote nilizojaribu hazikuniondolea mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, kwa hiyo kaunta bado inapiga mauzo mara mbili. Binti wa kaunta amelalamika, na ana haki.

Kuna swali halikuwemo kwenye karatasi yangu, nikaliongeza baada ya kusoma habari za TradeGecko. Ilikuwa programu ya Singapore ya kazi hiihii, wafanyabiashara wengi wa mtandaoni waliitegemea. Kampuni ya Intuit wakainunua mwaka 2020, wakaibatiza jina la QuickBooks Commerce, na kufika 2022 wakaifunga. Tangu hapo kila programu nimeijaribu kwa kutoa data kwanza: bidhaa zote, oda zote, wateja wote, kwenye faili ninaloweza kulifungua bila wao.

Nikaangukia Odoo, lile toleo huria lisilolipiwa. Kijana aliyetutengenezea tovuti ameiweka kwenye seva ya kukodi na kuiunganisha na WooCommerce. Korija na doti inazielewa kama vipimo vya kitu kimoja. Kipande yatima tumekipa bidhaa yake na bei yake, kimeacha kuwa nusu. Jumamosi iliyopita mtandao ulipotea wakati kaunta imejaa, mauzo yakaendelea kuingia kwenye tableti, na uliporudi yakapanda yenyewe. Nilikuwa nimeshashika daftari la Shangazi mkononi.

Kazi yenyewe, hata hivyo, haikuwa programu, ilikuwa majina. Kanga mteja anaiomba kwa jina lake, na kwenye Excel kila mtu aliandika alivyosikia. "Wema hauozi", "Wema auozi", "W. hauozi nyekundu pindo nyeusi": mistari mitatu, furushi moja. Tulikaa usiku tatu mimi na binti wa kaunta, mmoja anasoma jina na rangi ya mji, ile sehemu ya katikati ya kanga, mwingine anabandika stika. Mistari 611 ikabaki 348. Usiku wa pili aliniambia, "Dada, kumbe tulikuwa tunauza hewa." Nilicheka kuliko yeye.

Hesabu ikakaa sawa, isipokuwa ile moja nyekundu. Nimeiacha kwenye mfumo kama ilivyo, pengo la doti 1, na kila nikifungua skrini nalikuta linanitazama.

Leo mchana Shangazi alikuja kula. Shikamoo, marahaba, akavua viatu, akakaa mkekani, na alipojifunika miguu nikaona pindo nyeusi. Nikasogea kama naokota punje ya wali, nikasoma.

"Shangazi, hii umeinunua wapi?"

"Nainunua wapi mimi? Si ulinipa mwenyewe, ule usiku wa msiba wa jirani yenu. Umeme umekatika, ukaingia chumbani ukatoka na doti, ukaikata, ukanipa upande mmoja na wewe ukajitanda mwingine. Wa kwako uko wapi?"

Wa kwangu nimeukuta sasa hivi, chini ya kapu la nguo za kupiga pasi.

Nimefungua simu. Wema hauozi, nyekundu, stoo ya Tabata, toa doti 1. Mfumo una sehemu ya kujaza sababu. Nimeandika: msiba. Binti wa kaunta anafungua saa mbili asubuhi. Nitafika kabla yake.