Nilivyowafuata wagonjwa wa vyuma mpaka majumbani kwao

Nilikuwa na daftari la kaunta, lile la kwaya mbili lenye jalada gumu, na ndani yake mlikuwa na majina 38. Wote walivunjika mfupa wa muundi, wengi wao kwa ajali za bodaboda, na wote walitiwa chuma cha ndani na madaktari wa wodi yetu. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Kazi yangu ni kumsimamisha mgonjwa siku moja au mbili baada ya upasuaji, kumfundisha magongo, kumpandisha zile ngazi tatu za mbao zilizopo chumba cha mazoezi, kisha kumuaga. Na nikishamuaga, mara nyingi sikumwona tena.

Hilo halikunikosesha usingizi mpaka nilipohudhuria mkutano wa chama chetu cha wataalamu wa mifupa. Daktari mwenzetu alikuwa ameonyesha picha za eksirei, moja nzuri kuliko nyingine, chuma kimekaa katikati ya mfupa, skrubu zimeingia sawasawa. Profesa mmoja mtu mzima akanyoosha mkono na kuuliza swali moja tu: "Hawa sasa hivi wanatembea?" Hakuna aliyejibu. Nilikaa pale nikalifikiria daftari langu.

Nieleze kidogo kuhusu vyama hivi, kwa sababu wengi tunavidhania ni vya kutetea mishahara au vya kupeana vyeti. Chama cha utafiti wa mifupa na viungo kina kazi nyingine. Orthopaedic Research Society ya Marekani, iliyoanzishwa 1954, huwakusanya pamoja daktari wa upasuaji, mhandisi anayepima uimara wa chuma na mwanabiolojia anayechunguza chembe hai za mfupa. Huku kwetu COSECSA, chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini chenye makao Arusha, kimekuwa kikifundisha na kutahini wapasuaji tangu kilipoundwa 1999. Kinachowaunganisha watu hawa wote ni kukubali kuulizwa hadharani: umejuaje? Mimi niliyezoea kumwambia mgonjwa "unaendelea vizuri" na yakaisha, sikuwahi kuulizwa hivyo.

Nikaamua kuandika ikisiri, yaani muhtasari mfupi wa utafiti, na kuipeleka kwenye mkutano wa mwaka uliofuata. Nilihesabu waliorudi kliniki baada ya mwaka mmoja, nikapata 11. Nikaandika kuhusu hao 11. Ikisiri ikarudishwa pamoja na maelezo mafupi ya waliokuwa wakiisoma: wale 27 wako wapi?

Iliniuma, nisifiche. Lakini nilipotulia niliona kwamba hawakunionea. Asiyerudi kliniki anaweza kuwa amepona kabisa, yuko shambani, haoni sababu ya kupoteza siku na nauli. Anaweza pia kuwa mguu unatoa usaha na amekata tamaa nasi, amekwenda kwa mganga wa viungo. Hao wawili wote kwenye daftari langu walikuwa nafasi tupu inayofanana. Ukihesabu waliorudi tu, hujui unahesabu waliopona au walioshindwa. Ndiyo maana watafiti wengi huanza kuitilia shaka kazi pale ambapo zaidi ya mtu mmoja kati ya watano amepotea.

Hatua ya kwanza ilikuwa kibali. Kile nilichokuwa nacho kiliniruhusu kuwaona wagonjwa kliniki, hakikuniruhusu kuwafuata nyumbani wala kuwapiga picha. Nilirudi kamati ya maadili na maombi mapya, na karatasi ya ridhaa iliyoandikwa kwa Kiswahili ambacho mama yangu angekielewa. Nikasubiri wiki saba. Anayefikiria kuiruka hatua hii namsihi asifanye hivyo. Jina la mtu na mguu wake ni mali yake.

Kisha zikaja simu. Karibu nusu ya namba zilikuwa hazipatikani, na kosa lilikuwa langu: nilikuwa nimeandika namba moja tu, ya mgonjwa mwenyewe. Sikufikiria kwamba simu ya aliyepata ajali mara nyingi huvunjika palepale barabarani, na ikipona huuzwa kulipia gharama. Namba isiyobadilika ni ya mama yake. Mama yuko kwenye kikoba, namba yake imeandikwa kwenye daftari la kikundi, na hapo ndipo wanawe wanapomtumia pesa. Hawezi kuibadilisha ovyo. Kwa madereva wa bodaboda, aliyenisaidia kuliko wote ni mwenyekiti wa kijiwe. Anamjua kila aliyewahi kuegesha pikipiki pale, amehamia wapi na anaishi na nani. Wengine niliwapata kwa balozi wa nyumba kumi, na mmoja kwa mwenye duka aliyekuwa akimkopesha unga.

Jambo jingine nilijifunza kwa kukatiwa simu. Nikisema tu "napiga kutoka hospitali", upande wa pili kimya, halafu simu inakatwa. Walidhani nafuatilia deni la hospitali. Nikabadilisha maneno ya kuanzia: "Shikamoo mama, mimi ni yule wa mazoezi, wa ngazi za mbao. Sidai hela. Nataka kujua mguu unaendeleaje." Baada ya hapo hawakukata tena. Na nilipiga baada ya Magharibi, watu wakiwa wamesharudi nyumbani na kutulia.

Waliokuwa na uwezo wa kuja tuliwarudishia nauli, kama kibali kilivyoruhusu. Nusu ya fedha alitoa daktari bingwa wa wodi, nusu niliitoa mimi. Wasioweza niliwafuata Jumamosi pamoja na muuguzi mmoja mwenye moyo wa kazi hii.

Sasa nifike kwenye kipimo. Eksirei haipo kijijini, na fomu ndefu za maswali zilizotungwa ng'ambo humuuliza mtu kuhusu kupanda ngazi za ghorofa au kuingia kwenye beseni la kuogea. Kuna kipimo kilichoanzia kwa madaktari wanaotumia chuma cha SIGN, shirika lililoanzishwa 1999 na daktari Lewis Zirkle huko Richland, Marekani. Chuma chao kilitengenezwa kiweze kuwekwa na kufungwa skrubu bila ile mashine ya eksirei ya moja kwa moja ndani ya chumba cha upasuaji, na daktari hutuma taarifa na picha za kila mgonjwa aliyemtibu. Katika picha hizo mgonjwa huombwa achuchumae na atabasamu. Basi. Unaangalia amefika chini kiasi gani, ameshika kitu au hakushika, na uso unasema nini. Kipimo hicho kimeshafanyiwa utafiti Dar es Salaam kwa wagonjwa waliovunjika paja. Mimi nakipenda kwa sababu kinapima maisha yetu yalivyo.

Aliyenifundisha hilo vizuri zaidi ni mama mmoja wa vijijini huko Muheza, aliyegongwa akipeleka machungwa sokoni. Tulimkuta uani. Nilipomweleza kuhusu kuchuchumaa alinitazama kama mtu aliyengojea kuulizwa muda mrefu. "Mwanangu," akasema, "kuchuchumaa ndiyo kuosha vyombo kwangu, ndiyo choo, ndiyo kupalilia. Ningekuwa siwezi ungeshasikia nimekufa njaa." Alikubali kupigwa picha, ila akataka ipigwe na binti yake, si mimi. Nikampa binti kamera, nikasogea pembeni.

Alijifunga khanga vizuri, akashuka polepole. Alifika chini, lakini kisigino cha mguu ulioumia hakikugusa ardhi. Kilibaki juu, upana wa vidole viwili, na mwili wote ukaegemea upande mzima. Tabasamu lilikuja, ila lilichelewa. Eksirei yake ya mwisho ilikuwa safi kabisa. Mfupa umeunga, kifundo cha mguu kimekaza. Na kifundo hakikuwa kazi ya daktari wa upasuaji, kilikuwa kazi yangu. Nilimfundisha kutembea na kupanda ngazi. Sikumfundisha kukikunja kifundo akiwa amekikanyagia, kwa sababu chumba cha mazoezi hakuna anayeosha vyombo.

Nilipowaangalia wengine baada ya hapo, macho yalikwenda kwenye kisigino kwanza. Hakuwa peke yake.

Kuna kijana mwingine nitamtaja kwa kifupi. Kwao tulielekezwa na mwenyekiti wa kijiwe. Alikuwa amefunga kitambaa juu ya muundi, na chini yake kidonda kilikuwa kinatoa usaha, miezi tisa sasa. Alikuwa amefukizwa, amepakwa majani, amenyamaza. Hakurudi kwetu kwa hofu ya lile deni. Jumatatu tulimpokea wodini. Katika ikisiri yangu ya kwanza huyu alikuwa mmoja wa wale 27, na mimi nilikuwa nimeandika kwamba matokeo ni mazuri.

Waliokuja hospitali tulipiga eksirei pande mbili na kuisoma kwa alama za RUST, zinazopima mfupa wa muundi umeunga kiasi gani. Njia yenyewe si ngumu. Picha mbili zinakuonyesha kuta nne za mfupa. Kila ukuta unaupa alama 1 kama ufa unaonekana na hakuna mfupa mpya, 2 kama mfupa mpya upo lakini ufa bado unaonekana, 3 kama mfupa mpya umeshaziba na ufa hauonekani tena. Jumla inaanzia 4 na kuishia 12. Ugumu upo kwa msomaji. Mimi na daktari kijana wa wodi tulisoma kila mmoja peke yake, picha ikiwa imewekwa kwenye kioo cha dirisha pale taa ya kusomea ilipokuwa haiwaki, na kila mmoja akaandika kwenye karatasi yake bila kumwonyesha mwenzake. Picha moja mimi niliipa 10, yeye akaipa 7. Tuliibishania mchana mzima. Mwisho tuliwapelekea mabingwa wawili zile zote tulizopishana, na nikaona kwamba mimi nilikuwa na mkono mwepesi: kwa wagonjwa niliowapenda nilitoa alama nyingi. Kusoma bila kujua picha ni ya nani kuliniponya ugonjwa huo.

Mwisho wa yote tulipata 33 kati ya 38. Mmoja alikuwa amefariki kwa maradhi mengine. Wanne hatukuwapata kabisa, na mmoja kati yao bado namtafuta.

Kuandika upya kulichukua usiku mwingi kuliko nilivyotarajia. Maneno 300, kwa Kiingereza. Rasimu ya kwanza nilisifu wodi, nikashukuru kila mtu, nikaeleza umuhimu wa mifupa kwa taifa. Daktari bingwa akafuta yote hayo kwa kalamu nyekundu akaniambia, "Anza na swali. Halafu sema uliwaona wangapi." Wale wanne niliwaandika wazi, katika sentensi ya pili ya matokeo. Nilipendekeza nisiwataje, nikaambiwa hao ndio watakaofanya wengine 33 waaminike. Ikisiri ikakubaliwa, kama bango la kutundika ukumbini watu wasome, si kama mada ya jukwaani. Bango tulilichapa kwenye kitambaa ili likunjike ndani ya begi la basi.

Siku ya mkutano nilisimama mbele ya bango langu saa mbili nzima. Nilijiandaa kuulizwa kuhusu skrubu na usaha. Aliyekaa zaidi pale alikuwa mtaalamu wa fiziotherapia mwenzangu kutoka nchi jirani. Aliinama kwenye picha ya kisigino, akanyooka, akauliza: "Sentimita ngapi kutoka ukutani?"

Kipimo hicho nilikisoma chuoni. Mgonjwa anasimama akiangalia ukuta, anakunja goti mpaka liguse ukuta bila kuinua kisigino, anaurudisha mguu nyuma kidogo kidogo mpaka goti lishindwe kufika. Unapima kutoka kidole gumba hadi ukutani. Kinahitaji rula tu. Katika nyumba zote nilizoingia sikupima hata moja. Nilimwambia hivyo, naye hakuniaibisha. Alichora umbo la safu nyuma ya ratiba ya mkutano, akaniandikia jinsi wao wanavyorekodi miguu yote miwili, mzima kwanza. Tumekubaliana kupima kwa namna moja, wodi yake na yangu, ili mwakani tuweke hesabu zetu pamoja.

Daftari la pili nimeshalianza. Lina safu ya namba ya mama, safu ya kijiwe, na safu mbili za sentimita. Kifundo sasa nakianza mapema, mara tu daktari anaporuhusu mguu ukanyagiwe. Mjerumani Julius Wolff aliandika mwaka 1892 kwamba mfupa hujichonga kufuata mzigo unaobebeshwa. Mimi nimeongeza kwenye mafunzo yangu sufuria na brashi, mgonjwa ajizoeze kushuka akiwa anaosha kitu kweli.

Na nimerudi Muheza, nikiwa na rula ya shule ya sentimita 30. Mguu mzima wa yule mama ulipata 9, ulioumia 3. Nilimwachia zoezi la ukutani, mara tatu kwa siku, baada ya chai, baada ya adhuhuri, kabla ya kulala. Juzi binti yake amepiga simu jioni: imefika 5. Mama amesema ikifika 7 niende na kamera, na safari hii nimpige mwenyewe.