Leo nimepaka mavi ya farasi

Jamani nanuka, msinisogelee.

Nimeshinda kwenye karakana moja ya boti nje kidogo ya Birmingham. Wanafufua zile boti nyembamba za mbao zilizokuwa zikibeba makaa ya mawe kwenye mifereji ya Uingereza. Upana kama mita 2, urefu hata 21. Mzigo ulichukua karibu boti yote, na familia nzima, watoto na sufuria zao, ikabanana kwenye kijumba cha nyuma cha mita 3 hivi!

Baridi ya 1963 iligandisha mifereji, boti zikakwama, na biashara ile haikuinuka tena.

Basi fundi, babu mmoja asiyecheka, akanipa ndoo. Ndani lami, manyoya ya wanyama na mavi ya farasi, vimechemshwa pamoja.

"Paka kabla haijapoa."

Nikajua ananitania. Wapi! Ndiyo dawa yao ya zamani ya kuziba maji. Inashika mbao kama ugali uliogandia sufuriani, na mikononi haitoki hata kwa mafuta ya taa.

Halafu tukatia kalafati, yaani kushindilia nyuzi kwenye nafasi kati ya mbao. Ule mlio wa nyundo, ko-ko-ko, ulinipeleka moja kwa moja Matondoni, kijiji cha waunda majahazi kisiwani Lamu. Mbao ni za mti wa mwaloni, maji ni baridi na meusi, lakini mkono wa fundi ni ule ule. Nilisimama tu nikisikiliza, mpaka babu akauliza kama nimechoka.

Watu wa Lamu, siku hizi majahazi mnapaka nini? Bado sifa, yale mafuta ya samaki? Nimemwahidi babu jibu.