Hilux ya mwaka 96 na vita yangu na maji

Watu huniuliza hii gari inatembeaje mpaka leo. Ni Hilux LN106 ya 1996, injini yake inaitwa 3L, ya cc 2,779, haina tabo (turbo) wala kompyuta, nimeichukua mkononi kwa mtu 2014 na toka hapo kazi yake ni viazi, kutoa mashambani huku Njombe kupeleka barabarani na saa ingine mpaka Dar kabisa. Mi huwa najibu tu, angalia maji. Wanadhani nawatania.

Mwaka wa kwanza nilikua mjinga bwana. Redieta ikipungua najaza chochote, ya bomba, ya mto, twende. Siku hiyo natoka Dar na mbolea, Kitonga pale niko gia ya pili nyuma ya lori, mshale wa joto ukapanda, nikasema ngoja nimalizie mlima ndo nisimame. Nikamalizia kweli, hosi ya juu imevimba kama chatu kameza mbuzi na nyuma moshi mweupe mpaka walio nyuma yangu wanawasha taa. Gasketi imeungua na hedi, kile kichwa cha injini, imepinda, nikavutwa mpaka Ipogolo, Iringa.

Fundi wa pale mzee wa watu, kafungua hedi akachokonoa njia za maji na bisibisi, likatoka tope rangi ya ugoro. "Mwanangu, hii ni redieta au bwawa la samaki?"

Nikamwambia mzee wangu mi naweka maji tu. "Ndo hayo hayo."

Alafu akaona tomostati haipo, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye redieta mpaka injini ipate joto. Fundi wa nyuma aliing'oa eti injini ipoe vizuri, na hii tabia mafundi wengi wanayo na mi naipinga mpaka kesho, kwasababu bila tomostati injini haifiki joto lake, asubuhi ya mwezi wa saba Njombe unaendesha kilomita kibao mshale umelala chini, inakula dizeli, oili inachafuka mapema, na tatizo lenyewe ni redieta iliyoziba ambayo hakuna mtu kaigusa. Mzee karudisha mpya, redieta ikazibuliwa, na mi sasaivi naweka kulanti (dawa ya redieta) nusu na maji safi nusu, namwaga yote kila baada ya miaka miwili.

Maji ya pili ndo wengi hawayajui, yale ya kwenye dizeli. Chini ya filta ya dizeli kuna kizibo cha plastiki, legeza kwa mkono, juu kuna pampu ndogo unaibonyeza bonyeza, kinga na chupa ya maji ya kunywa iliyo nyeupe uone ndani. Iache itulie dakika chache. Maji yatakaa chini, dizeli juu, na katikati mstari umenyooka kabisa. Kuna siku nilinunua dizeli ya madumu njiani, nilikinga vidole viwili vya maji! Pampu ya dizeli na nozo zinazoipuliza kwenye injini zinalainishwa na hiyo hiyo dizeli, sasa ukizilisha maji zinakwanguana na kushika kutu, na bei ya kutengeneza pampu usiombe uisikie ukiwa umesimama. Kwahiyo kila jumamosi namwaga, na tenki najaza jioni sio asubuhi, maana tenki tupu kwenye baridi ya usiku linatoa jasho kwa ndani.

Mengine ni ya kawaida. Oili na filta yake kila kilomita 5,000, grisi kwenye krosi za propela. Taimingi belti, mkanda unaozungusha valvu kwa mpangilio na pistoni, ni kila kilomita 100,000 na kuna taa yake kwenye dashibodi, ila ukinunua gari ya mtu usiamini taa wala namba za kilomita, badili siku hiyo hiyo, ikikatika valvu zinagonga pistoni na hapo ni injini nzima. Springi za nyuma ndo zimenishinda, lumbesa, yale magunia yaliyojazwa kupita kiasi, zinazimaliza na wenye viazi hawasikii.

Kitonga sasa napanda mshale uko katikati. Kinachonisumbua ni mlango wa dereva tu, haufungi mpaka uupige na nyonga.