Desemba hii tumekula vya kihambani

Nimerudi Uru, Moshi, baada ya miaka mingi Ujerumani. Kule ndizi za dukani ni za aina moja, zimelingana kama zilizopimwa kwa rula. Huku bado unaulizwa: mshare au ndizi ng'ombe? Za kupika au za pombe?

Kila Desemba Wachagga tunapanda mlimani kutoka Dar, Arusha, Nairobi na kwingineko, na buti za magari hujaa mchele na kreti za bia. Safari hii mama mkubwa aliwahi kutangaza kwenye kundi la ukoo: kitakacholiwa kitoke kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo linalozunguka nyumba, au kwa jirani. Hakuna aliyebisha.

Mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ndiyo ilianza kushughulikiwa. Ndizi mbivu zilichemshwa mpaka zikawa nyekundu, zikaachwa siku kadhaa zichachuke. Ulezi ulioteshwa, ukaanikwa, ukasagwa, ukapikwa uji. Gome la mti wa msesewe ndilo linaloipa ule uchungu unaobaki ulimini. Siku ya kuchuja, shangazi zangu walikamua ndizi kwa mikono, viwiko vikichuruzika, huku wakiulizana habari za watoto wa kila nyumba. Mabinti waliokulia mjini waliitwa wakae karibu waone, kisha nao wakatia mikono. Kwangu mimi hiyo ndiyo ilikuwa sherehe yenyewe. Kesho yake tukala machalari (ndizi na nyama), kiburu (ndizi na maharage) na mbuzi wa zizi letu, na kata ya kwanza ya mbege akapewa mzee kuliko wote.

Vyote hivyo vinatoka kwenye shamba lisilopumzika. Juu kuna miti ya miringaringa, chini yake migomba, kisha kahawa, chini kabisa magimbi na maharage. Mgomba ukishavunwa, shina lake linakatwakatwa kwa ajili ya ng'ombe, na samadi inarudi kwenye migomba. Mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa lenye makao Roma, ilikitambua kihamba cha Shimbwe Juu, huku huku kwetu, kuwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia nzima. Nilijivunia sana, ila sifa haipaliliwi na mtu wa Roma.

Nasema hivi kwa uchungu. Vihamba vinagawanywa kwa watoto mpaka kinabaki kiwanja cha nyumba, na nyumba yenyewe inafunguliwa Desemba tu. Migomba inang'olewa kupisha maegesho ya magari ya wiki mbili! Ndugu zangu, tunaopanda mlimani kula tukumbuke pia kupanda mgomba. Anayejenga aiache hata mistari michache ya mshare, amlipe jirani aitunze.

Mama mkubwa amenigawia machipukizi na nimeshachimba mashimo. Jumamosi tunazibua mfongo, mfereji wetu wa jadi wa kumwagilia, maji yafike mpaka vihamba vya chini. Mlio bado huku juu, njooni na majembe. Chakula kitakuwepo.